Kompyuta Ilipomtaja Mama Kulwa

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni aibu kusema. Wajukuu wakiniletea simu wanionyeshe habari fulani, nawauliza kwanza: imeandikwa na nani, na huyo aliyeiandika alikuwa anataka nini? Wananicheka. Wanasema, "Bibi naye! Iko mtandaoni, wameshaiona watu wengi." Haya, na mimi nimeiona. Sasa nifungulieni nyuma yake nione.

Nawaandikia ninyi mnaojifunza kuandika programu, kwa sababu mmoja wenu alikuja kwangu juzi, kijana mpole, kavaa vizuri, akakaa kwenye kochi langu akaniambia kwamba uzuri wa kompyuta ni kwamba haidanganyi. Nilimwacha anywe chai yake kwanza. Alipomaliza nilimsimulia habari za Maganzo, akatoka hapa bila kuaga vizuri. Basi na ninyi msikie.

Sikusomea kompyuta. Nilisomea uhazili, kupiga taipureta na kuandika hati mkato, na kazi yangu ya kwanza ya maana niliipata Maganzo, kule kwenye almasi za Shinyanga, kwenye duka la Bwana Hassanali. Wakati ule nilikuwa Dada Vero. Duka lilikuwa kando ya barabara, mbele tunauza sululu, machepe, karai, chekeche na mabomba ya pampu, nyuma kuna chumba ambamo Bwana Hassanali alipima na kununua almasi za wachimbaji wadogo, kwa leseni aliyorithi kwa baba yake. Tulikuwa watu watano tu. Bwana Hassanali mwenyewe, Masanja mtunza stoo, Mzee Lubinza mlinzi, ambaye pia ndiye aliyeijua jenereta, Mama Kulwa mpishi na msafishaji, na mimi.

Kompyuta ililetwa mwishoni mwa miaka ya tisini na shemeji yake Bwana Hassanali, pamoja na fundi kutoka Mwanza wa kuifunga. Simu ilikuwa ya shida, kwa hiyo mtandao hatukuwa nao. Lakini ndani ya mashine kulikuwa na brauza, ile programu ya kufungulia kurasa za mtandao. Nilimuuliza fundi, brauza ya nini mahali ambapo hakuna mtandao? Akanambia, "Dada, hiki ndicho kitu pekee humu ndani ambacho unaweza kukiamuru bila kununua chochote." Akafungua kiandikio chepesi, kile kisicho na mapambo, akaandika mistari michache, akaihifadhi kwenye diski, akaifungua kwa brauza. Kioo kikaandika: HABARI YA MAGANZO. Nikashtuka. Akabadilisha neno moja, akafungua tena, kikaandika: HABARI YA VERO. Hapo alikuwa ameshanipata.

Ndivyo tulivyofanya kazi, wanangu. Hakuna mwalimu, hakuna kitabu. Unaandika skripti, yaani mistari ya amri, upande huu, unaifungua upande ule. Ikigoma, unarudi kusoma mstari kwa mstari mpaka macho yanauma, maana brauza za siku zile zilikuambia tu kwamba kuna kosa, kisha zinakuacha ulitafute mwenyewe. Ukisahau alama moja ya kufunga mabano, ukurasa wote unakuwa mweupe. Na ukimsikia Mzee Lubinza anaburuta dumu la mafuta kwenda kwenye jenereta, hifadhi kazi yako hapohapo, usisubiri kumaliza sentensi. Vumbi la Maganzo nalo lilikula diski. Mimi zangu nilizifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikazitia kwenye kopo la maziwa ya unga, na kopo nikalifungia. Watu walidhani ninaficha sukari.

Ukurasa wangu wa kwanza wa maana ulikuwa wa kuhesabu mali ya stoo. Unaandika zilizoingia asubuhi, unaandika zilizoingia mchana, unabonyeza, inajumlisha. Nilimwita Bwana Hassanali kwa fahari aje kuona. Nikaandika sululu kumi na mbili za asubuhi, sululu tano za mchana, nikabonyeza. Kioo kikasema tuna sululu mia moja ishirini na tano. Bwana Hassanali aliinama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Vero," akasema, "tumetajirika. Tufunge duka."

Kumbe mashine ilichukua zile namba nilizoandika kama maandishi, ikazibandika tu moja baada ya nyingine. Mpaka uiambie kwamba hii ni namba, yenyewe inaona michoro. Haikukosea. Ilifanya nilichoiambia, na mimi nilikuwa nimeiambia upuuzi. Tangu siku hiyo kila nikiona jibu kwenye kioo, najiuliza ni upuuzi wa nani ninaousoma.

Niliutengeneza ule ukurasa ukakaa sawa, na ulipokaa sawa ukaanza kuleta maneno. Kila mwisho wa wiki ulisema tunatakiwa kuwa na mabomba na karai zaidi ya zile zilizokuwa stoo. Nilirudia hesabu kwa mkono, ikawa ileile. Nikamwambia Masanja. Masanja alikuwa mtu mzuri wa maneno, mwenye salamu kwa kila anayepita, na tangu mashine ilipofika alikuwa hachoki kunisifia. "Dada Vero, una kichwa wewe! Nifundishe na mimi." Mtu anayekusifia kazi kabla hujaimaliza, mchunge. Lakini nilimfundisha, maana kukaa peke yangu na mashine ambayo hakuna mwingine anayeielewa kulinitia hofu. Akajua kufungua faili, kubadilisha neno, kuhifadhi. Kuhusu mabomba akaniambia ukurasa wangu bado mchanga, utakuwa unakosea. Nikasema sawa, na nikaendelea kuhesabu.

Sasa fundi wa Mwanza alikuwa ametuachia mchezo. Ukurasa mdogo, juu umeandikwa NANI AKALETE SODA. Jumamosi mchana, duka likitulia, Bwana Hassanali alitoa pesa ya soda za wote, kisha tunaiuliza mashine nani avuke barabara kwenda kuzileta. Ndani ya skripti fundi alikuwa ameyapanga majina yetu watano, na chini yake kuna mstari huu:

var nani = Math.floor(Math.random() * 5);

Maana yake ni: okota namba yoyote kati ya hizi tano, usitazame usoni. Ukibonyeza, kioo kinaandika Nafikiri... Nafikiri..., kisha jina linatokea kwa herufi nyekundu. Kufikiri kwenyewe hakukuwapo, fundi aliweka tu amri ya kusubiri kidogo. Lakini nawaambieni, kale kakusubiri ndiko kaliwashika watu. Wachimbaji walijaa mlangoni kila Jumamosi kutazama mashine inavyofikiri. Siku ilipomtaja Bwana Hassanali mwenyewe, naye akavuka barabara na kandambili zake, akarudi amebeba kreti, watu waliondoka pale wakisema: hii mashine haimwogopi tajiri. Maneno hayo sikuyapenda. Kitu kikishasemwa hakiogopi tajiri, watu wanaanza kukipelekea mambo makubwa.

Jumatatu moja mizani ilipotea. Mizani ndogo ya kupimia almasi, ya shaba, kwenye kisanduku cha mbao, ya baba yake Bwana Hassanali. Pale Maganzo mizani si kifaa tu. Wachimbaji walikuwa wanaijua ile, wameipimia mawe yao miaka na miaka, na habari ilipotoka nje wakaanza kunong'ona kwamba tumeificha wenyewe ili tuwaletee nyingine ya kuwapunja. Bwana Hassanali akanichukua tukaenda Shinyanga mjini kutoa taarifa na kutafuta mizani ya kuazima. Tulilala huko, kwa sababu gari liliharibika.

Kabla hatujaondoka, mteja mmoja alisema aitwe mganga mmoja wa kule Songwa, anapiga ramli mwizi anajulikana. Bwana Hassanali akakataa. "Dukani kwangu hakuna ramli," akasema. Wote walimsikia.

Yaliyotokea tulipokuwa hatupo nilisimuliwa na Mzee Lubinza. Asubuhi iliyofuata watu walijaa dukani wakidai mizani. Masanja akapanda juu ya kreti akawaambia, "Bosi kakataa ramli, sawa. Basi tuulize kompyuta. Haina ndugu, haina kabila, haijala kwa mtu." Watu wakaitikia. Jenereta ikawashwa. Kwenye kioo, pale juu, palikuwa pameshaandikwa NANI KACHUKUA MIZANI. Akabonyeza. Nafikiri... Nafikiri... Herufi nyekundu zikaja: MAMA KULWA.

"Masanja mwenyewe alishtuka," Mzee Lubinza akaniambia. "Akabonyeza tena. Mama Kulwa. Akabonyeza mara ya tatu. Mama Kulwa. Sasa hapo nani angebisha? Watu wakasema, ona, kamwonea huruma, kairudia, na bado inamtaja."

Tuliporudi nilimkuta Mama Kulwa nyumbani kwake amekaa ndani, mlango nusu. Alikuwa mjane. Mume wake aliangukiwa na udongo machimboni, akazikwa palepale Maganzo, na yeye akabaki na pacha wake wawili, Kulwa na Doto, na nyumba ya vyumba viwili ambayo mume aliijenga kwa mikono yake.

"Mwangaluka, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimu mama yake.

"Usinisalimie kwa sauti," akasema. "Watakuona."

Alikuwa amepeleka watoto kisimani, wakarudishwa na ndoo tupu. Jirani alikataa kumpa kaa la moto. Sungusungu, walinzi wa jadi wa mtaa, walikuwa wametangaza mkutano keshokutwa yake, kwenye baraza ya duka, na kila mtu alijua mkutano ule ukimpata na hatia atahama Maganzo siku hiyohiyo, na anayehama hivyo hapokelewi kijiji cha jirani. Aliongea polepole, bila kulia. Alichonisumbua nacho ni kimoja tu.

"Dada Vero, nilichukua? Wewe unaijua ile mashine. Labda imeona kitu ambacho mimi sikumbuki?"

Niliumia. Mama mtu mzima, mwenye akili timamu, alikuwa ameanza kujishuku mwenyewe kwa sababu ya herufi nyekundu.

Kesho yake nilifika dukani mapema kuliko wote isipokuwa mlinzi. Nikafungua ule ukurasa, nikaenda kwenye menyu, nikachagua kuona maandishi ya ndani. Wanangu, kama mtasahau mengine yote, hili lishikeni. Skripti inayokimbia kwenye brauza haina mahali pa kujificha. Imeletwa kwako nzima, iko mikononi mwako, na aliyekuletea hawezi kukuzuia kuisoma. Siku hizi mnazikunja na kuzisokota mpaka hazisomeki, na ndiyo maana siku hizi nashuku zaidi. Lakini ile ilikuwa wazi. Majina matano yalikuwa yamepangwa kama fundi alivyoyaacha: Mzee Lubinza, Masanja, Vero, Mama Kulwa, Bwana Hassanali. Mstari wa kuokota namba ulikuwa umefutwa. Mahali pake paliandikwa:

var nani = 3;

Basi. Haikuwa inaokota tena. Mtu alikuwa ameipigilia msumari. Ungebonyeza mpaka kidole kiote sugu, jina ni lilelile.

Sikugusa kitu. Nilinakili faili kwenye diski, diski nikaitia kwenye kopo, kopo nikarudi nalo nyumbani kifuani, maana nilijua waliokuwa wanafungua mashine ile kwa ajili ya kuandika ni mimi na Masanja tu. Lakini sikuelewa. Masanja na Mama Kulwa walikuwa hawana ugomvi hata kidogo. Masanja alikuwa anakula ugali wa Mama Kulwa kila siku na kumsifia.

Nilimwonyesha Bwana Hassanali. Akasema, "Nikisema mimi, watasema Mhindi anatetea mpishi wake ili kuficha mizani yake. Sema wewe. Mashine nitaitoa barazani mwenyewe."

Na kweli aliibeba, yeye na Mzee Lubinza, wakaiweka juu ya meza ya kupimia, kioo kimewaelekea watu, waya wa jenereta umepita dirishani. Mtaa mzima ulikuwepo. Mama Kulwa alikaa chini mbele, peke yake, pacha wake hawakuruhusiwa kuja. Aliyeongoza sungusungu alikuwa Mzee Shija, wanamwita Ntemi, yaani mtemi, mtu mrefu, mzito wa maneno, mwenye tabia ya kumtazama mtu mdomoni anapoongea. Nilimwogopa. Baadaye nilijua kwamba naye alikuwa mtu wa kushuku, tena kunizidi.

Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akasema, "Haya. Tuambie mashine imeona nini."

"Haijaona kitu, Ntemi. Haina macho. Inasema ulichoiambia."

"Ionyeshe."

Juu ya brauza kuna mahali pa kuandika anwani. Siku zile ungeweza kuandika amri yako moja kwa moja pale, brauza ikaitii bila hata kuwa na ukurasa. Niliandika mstari mmoja, nikabonyeza. Kidirisha kikaruka katikati ya kioo: MWIZI NI NTEMI SHIJA.

Katibu wake alikisoma kwa sauti kabla hajajua anachosoma. Vijana wake wakashika fimbo vizuri. Nikasema moyoni, Vero, leo umejimaliza. Mzee Shija akasogea karibu, akakitazama kile kidirisha, akanitazama mdomoni.

"Andika kwamba ule mgodi mkubwa wa almasi hapo jirani wote ni wangu."

Nikaandika. Kidirisha kikaruka: MGODI MKUBWA NI WA NTEMI SHIJA.

"Basi kesho nahamia," akasema, na watu wakacheka mpaka akina mama wa nyuma wakasimama kuangalia. Hata Mama Kulwa aliinua kichwa.

Lakini mzee mmoja hakucheka. Akasema, "Hapo umeishika wewe, imesema maneno yako. Juzi Masanja hakuandika kitu. Alibonyeza tu, ikafikiri yenyewe."

Hoja nzuri. Nikatoa diski, nikafungua ile nakala, nikawaonyesha maandishi ya ndani. Nikamwomba katibu asome majina, akasoma. Nikawaonyesha ule mstari, nikawaeleza fundi aliandika nini na sasa kuna nini. Nikabonyeza mbele yao: Mama Kulwa. Tena: Mama Kulwa. "Hata mkiiacha mpaka mvua zinyeshe," nikasema, "itamtaja huyu, kwa sababu kuna mtu kaifunga hapo."

"Nani?" akauliza Ntemi.

Kabla sijafungua mdomo Masanja alisimama. "Ntemi, mimi ni mtu wa stoo. Mwenye mashine ni Dada Vero. Sisi wengine tunabonyeza tu. Aliyejua kufungua, ndiye aliyejua kufunga."

Mnajua, hata mimi ningemwamini. Nilihisi macho ya watu yanahama kutoka kwa Mama Kulwa yanakuja kwangu, mmoja mmoja. Nilikuwa nimetoka kuwathibitishia kwa mikono yangu kwamba naweza kuifanya mashine iseme lolote.

Mzee Shija akamuuliza Masanja, kwa upole, "Wewe hujui kuibadili?"

"Najua kidogo. Si amenifundisha yeye."

"Vizuri. Basi fanya imtaje Mzee Lubinza. Tuone kama ni kazi ngumu."

Masanja aliniangalia, akaangalia watu. Kukataa kungekuwa vibaya. Akakaa kwenye kiti changu, akayatazama majina, Mzee Lubinza wa kwanza kabisa. Akafuta ile tatu, akaandika moja. Akahifadhi. Akafungua ukurasa, akabonyeza. Nafikiri... Nafikiri...

MASANJA.

Alishtuka, akarudi nyuma na kiti. Akabonyeza tena haraka. MASANJA.

Watu walianza kucheka, na kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu Mzee Lubinza alikuwa amesimama, mzee ambaye huwa haongei mikutanoni.

"Ndivyo ulivyoshtuka hata juzi," akasema. "Hivyohivyo. Na mkono ukaenda hivyohivyo."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamwomba Ntemi ruhusa, nikaeleza. Mashine ile haianzi kuhesabu na moja. Inaanza na sifuri. Jina la kwanza kwake ni sifuri, la pili ni moja, la tatu ni mbili. Ni jambo linalomkosesha kila anayeanza, na mimi sikuwahi kumfundisha Masanja, kwa kuwa majina tulikuwa tunayabadilisha tu, namba hatukuzigusa. Ukitaka wa kwanza ukaandika moja, unampata wa pili.

"Kwa hiyo aliyeandika tatu," Ntemi akasema taratibu, "kama anahesabu kama sisi, hakumtaka Mama Kulwa." Akanyoosha kidole kirefu kuelekea kwenye kioo, akahesabu yale majina kama mtu anavyohesabu ng'ombe. Mzee Lubinza, moja. Masanja, mbili. Kidole kikasimama kwenye la tatu. Katibu akasoma: "Vero."

Mimi.

Masanja hakupigwa, Mzee Shija hakuruhusu. Alikaa chini akasema mwenyewe, kwa sababu alikuwa amechoka. Mabomba na karai alikuwa akiyaiba na kuyauza, na ukurasa wangu wa kuhesabu ulikuwa unamfikia shingoni. Mizani aliipeleka kwa shemeji yake aliyekuwa Katoro, ambako wanunuzi wa dhahabu wanaitafuta mizani nzuri kwa bei yoyote. Alitaka nionekane mwizi mimi, nikiwa Shinyanga, ili nikirudi nikute nimeshahukumiwa na ukurasa wangu hauna mtu wa kuuamini. Mashine ilipotoa jina jingine mbele ya watu, hakuelewa kwa nini, na hakuweza tena kusema imekosea. Ntemi alimkabidhi kwa polisi, na mizani ilirudi baada ya muda, imepinda mkono mmoja lakini inapima.

Nimefanya kazi hii mahali pengi baada ya hapo, Shinyanga mjini, Geita, Katoro penyewe. Mashine zilibadilika, mtandao ukaja, skripti zikawa ndefu kuliko barabara ya Kahama. Vijana waliniona mkali kwa sababu niliwafungulia kila kazi yao nyuma. Sikuwa mkali, nilikuwa mwoga.

Jioni ile watu walimpelekea Mama Kulwa maji, ndoo juu ya ndoo, wengine ni walewale waliowarudisha watoto wake. Nilimkuta jikoni kwake anasugua sufuria kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikamwambia, mayu, yale yote yalikuwa yangu. Kutosalimiwa, kunyimwa moto, watoto kurudi na ndoo tupu. Vyote vilitumwa kwangu, vikakuangukia wewe kwa kosa la kuhesabu. Niliongea huku nalia. Yeye aliendelea kusugua.

"Bora vilinifikia mimi," akasema. "Ingekutaja wewe, Dada Vero, nani angeifungua ile mashine? Na wewe mwenyewe ungesimama pale uwasomee maandishi ya ndani, nani angekusikiliza?"

Akanisogezea kigoda, akanipakulia ugali.